Niliyojifunza Kuhusu Wiski ya Rai Nyuma ya Kaunta

Ndugu na marafiki wakishajua kwamba nimefanya kazi ya kaunta kwenye baa mjini Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, hawakawii kuniuliza: tununue wiski gani nzuri isiyotumaliza mfukoni? Jibu langu ni lile lile siku zote. Nunua wiski ya rai ya Kimarekani yenye kilevi cha asilimia 50, iliyoandikwa Bottled in Bond kwenye lebo, na usikubali kutoa zaidi ya dola 35. Chupa hiyo moja utainywa kavu, polepole, ukiwa umekaa na wenzako, na hiyo hiyo utachanganyia kokteli bila kuhitaji ya pili. Lakini jibu fupi humsaidia mtu siku chupa hiyo ikiwepo dukani. Siku isipokuwepo, akasimama peke yake mbele ya rafu iliyojaa majina asiyoyajua, anachohitaji ni sababu. Sababu hizo mimi nilifundishwa, na naziandika kama nilivyozipokea.

Rai ni nafaka, ya ukoo mmoja na ngano na shayiri. Inavumilia baridi na udongo hafifu kuliko ngano, ndiyo maana wakulima wa asili ya Kijerumani waliohamia Pennsylvania karne ya 18 waliipanda kwa wingi. Kwa sheria ya Marekani, wiski haiwezi kuitwa ya rai mpaka angalau asilimia 51 ya nafaka iliyopikwa iwe rai yenyewe. Inayobaki kwa kawaida huwa mahindi na kimea cha shayiri. Kisha lazima ihifadhiwe ndani ya pipa jipya la mwaloni lililochomwa kwa ndani. Burboni hufuata kanuni karibu hizo hizo, ila nafaka yake kuu ni mahindi. Mahindi huleta utamu na ulaini. Rai huleta pilipili manga, mnanaa, harufu ya mkate mweusi uliotoka tanuruni, na ukali fulani unaokaa ulimini baada ya kumeza. Wapo wanaoikimbia kwa sababu ya ukali huo. Mimi naipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Nilihamia Pittsburgh nikiwa msichana, nikitokea Marangu, nchini Tanzania, na kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa kuosha glasi. Mkuu wa kaunta alikuwa mzee Mmarekani mweusi, mpole, mwenye mikono isiyotetemeka hata baa ikijaa hadi mlangoni. Wenzangu walimwita kwa jina lake la kwanza. Mimi kwa malezi niliyopewa nisingeweza, nikamwita Mzee, naye akazoea. Alipoona nauliza maswali kuliko wengine, alinitoa kwenye sinki akanisimamisha kando yake. Nilikuwa nimelelewa na bibi aliyepika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na nilijua kabla ya kuvuka bahari kwamba kilevi kizuri kina kanuni zake, na kwamba anayekipika anastahili heshima. Labda ndicho alichokiona.

Somo la kwanza halikuwa la kuonja. Lilikuwa la kusoma. Alinikabidhi chupa ya Rittenhouse Rye akaniambia nisome kila kilichoandikwa, mbele na nyuma, halafu nimweleze nimejua nini.

Niliona neno Straight. Mzee akaniambia hiyo ni ahadi ya kisheria: wiski hii imekaa kwenye pipa miaka 2 au zaidi, na haikutiwa rangi wala ladha yoyote ya pembeni. Tena ikiwa ina umri chini ya miaka 4, kiwanda kinalazimika kuandika umri wake. Kwa hiyo ukiona Straight na hakuna umri ulioandikwa popote, jua imefikisha miaka 4 au imepita. Hili peke yake limenisaidia madukani kuliko ushauri wa muuzaji yeyote.

Niliona 100 proof. Kipimo cha pruufu cha Wamarekani ukikigawa kwa mbili unapata asilimia ya kilevi. Pruufu 100 ni asilimia 50, pruufu 80 ni asilimia 40, na chini ya hapo sheria haiiruhusu kuitwa wiski ya rai.

Halafu nikafika kwenye yale maneno Bottled in Bond, na hapo Mzee aliweka kitambaa chini ili azungumze vizuri. Mwishoni mwa karne ya 19, alisema, mnywaji wa Marekani hakuwa na njia ya kujua anachomiminiwa. Walikuwepo wafanyabiashara waliochukua pombe kali mbichi, wakaitia rangi kwa maji ya tumbaku na vitu vibaya zaidi, wakaiuza kama wiski iliyozeeka. Mwaka 1897 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumlinda mnunuzi. Wiski yenye alama hiyo lazima iwe imepikwa kwenye kiwanda kimoja, katika msimu mmoja wa mwaka mmoja, ikazeeshwa si chini ya miaka 4 kwenye ghala lililo chini ya usimamizi wa serikali, na ikajazwa chupani ikiwa na asilimia 50 kamili. Lebo lazima ikitaje kiwanda kilichoipika. Kwenye chupa niliyoishika ilikuwa namba ndogo, DSP-KY-1, namba ya kiwanda cha Bernheim kilichoko Louisville, Kentucky, mali ya Heaven Hill.

Nilikaa na namba ile muda mrefu. Nilikuwa nimezoea kuona chupa zenye hadithi ndefu mgongoni, za babu aliyeacha siri yake ndani ya Biblia na chemchemi isiyokauka, na ukimaliza kuzisoma hujajua nani amepika wala lini. Hapa palikuwa na herufi chache na tarakimu zisizopendeza macho, lakini zilikuwa zinasema ukweli unaoweza kufuatiliwa hadi kwenye mlango wa kiwanda. Kwa mtu wa mshahara mdogo hii ni faida kubwa. Kazi ya kukagua umefanyiwa tayari, na hujalipia gharama ya matangazo.

Sasa nguvu. Watu wengi nyumbani wakisikia asilimia 50 huniambia hiyo ni ya walevi. Naelewa kwa nini, lakini hesabu inasema vingine. Wiski hutoka kwenye pipa ikiwa na nguvu nyingi, na kiwanda huongeza maji kabla ya kuijaza chupani. Chupa ya asilimia 40 imeongezwa maji mengi zaidi, na maji hayo umeyanunua kwa bei ya wiski. Chukua chupa ya mililita 750 yenye asilimia 50, itie maji mwenyewe nyumbani hadi ifike asilimia 40: utapata karibu mililita 940. Anayekuuzia dhaifu kwa dola 25 na anayekuuzia kali kwa dola 28 hawajakuuzia kiasi kimoja. Kali unaweza kuipunguza utakavyo. Iliyopunguzwa kiwandani huwezi kuirudisha.

Jumatatu moja, wateja wakiwa wameondoka na viti vimepandishwa juu ya meza, Mzee alituita wafanyakazi wote kando ya kaunta. Alikuwa amevisha chupa tatu mifuko ya karatasi ya kaki hadi shingoni na kuziandika A, B na C. Tulizionja kwanza kavu, kidogo kidogo. A ilikuwa laini, tamu kwa mbali, ikapotea mdomoni kabla hujaamua kama umeipenda. B ilikuwa na moto. Nyuma ya moto kulikuwa na kakao, ganda la chungwa, na pilipili manga iliyobaki hadi mwisho. C ilikuwa nzuri kweli: asali, tumbaku kavu, mbao za zamani, kila kitu kimetulia mahali pake. Wote tuliipa C nafasi ya kwanza, na ningeipa tena leo.

Kisha Mzee akatengeneza Manhattan tatu, kokteli ya rai na divai tamu iitwayo vamuthi, moja kwa kila chupa, akatupa tuonje. Manhattan ya A ilikuwa divai tamu tu, wiski hukuisikia. Ya C ilikuwa na ugomvi ndani yake, mbao zilizidi, zikapambana na vamuthi, ulimi ukabaki mkavu. Ya B ilisimama imara. Utamu ulikuwepo, uchungu ulikuwepo, na rai ilikuwa juu yao inasikika wazi. Alipovua mifuko, A ilikuwa rai ya asilimia 40 ya bei ya chini kabisa, B ilikuwa Rittenhouse, na C ilikuwa chupa ya miaka mingi ambayo kwa bei yake ungenunua B tatu ukarudishiwa chenji. Mzee akasema, "C si mbaya hata kidogo. Ila kazi yake ni moja. Mwenye pesa ya chupa moja anataka chupa inayojua kazi mbili."

Manhattan yenyewe naomba niieleze taratibu, maana ndiyo kokteli inayoipima rai kuliko nyingine zote. Unachukua glasi kubwa ya kuchanganyia, unaijaza barafu ya mabonge magumu, si ile iliyokwisha kuanza kuyeyuka. Unamimina mililita 60 za rai, mililita 30 za vamuthi nyekundu, ambayo ni divai iliyotiwa mitishamba na sukari, halafu unatikisia Angostura mara mbili. Unakoroga kwa kijiko kirefu bila kupiga kelele, karibu nusu dakika, mpaka glasi ipate ukungu kwa nje. Unachuja kwenye glasi iliyokuwa friza, unaweka tunda moja la cheri, basi. Usiitikise kwenye kopo. Inatoka na povu na vipande vya barafu, na ule uzito wake wa hariri unakufa.

Kukoroga huko si kwa ajili ya ubaridi peke yake. Barafu inayeyuka na kuingiza karibu mililita 25 za maji, na bila maji hayo kinywaji hakikai sawa. Fanya hesabu. Ukianza na rai ya asilimia 50, glasi inaishia na kilevi cha karibu asilimia 30. Ukianza na ya asilimia 40, unaishia karibu asilimia 25, na harufu zote za pipa na nafaka zimepungua vivyo hivyo. Ndiyo sababu A ilizama. Haikuwa wiski mbovu. Ilifika vitani imeshachoka.

Angostura, kwa asiyeijua, ni dawa chungu ya mizizi na viungo inayotengenezwa Trinidad, na kichupa kimoja hudumu miezi mingi. Siku ya kwanza nilipoidondoshea kiganjani nikalamba, nilimkumbuka bibi akitia gome la msesewe kwenye mbege. Ndizi zilizoiva zina utamu wake, kimea cha ulezi kina uzito wake, na bila uchungu wa msesewe mbege inakuwa uji wa sukari. Kazi ya msesewe kule Marangu na kazi ya Angostura kwenye Manhattan ni ile ile: kuuzuia utamu usitawale. Nilipomweleza Mzee, aliniomba nimwandikie jina la mti huo kwenye karatasi, akaibandika kando ya rejista ya fedha.

Ukishaijua Manhattan, Old Fashioned ni nyepesi: mililita 60 za rai, kijiko kidogo cha sukari iliyoyeyushwa, Angostura mara mbili, bonge moja kubwa la barafu, ganda la chungwa lililokamuliwa mafuta yake juu ya glasi. Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, New York, lilieleza kokteli kuwa ni pombe kali, sukari, maji na dawa chungu. Old Fashioned haijatoka mbali na hapo. Sazerac ya New Orleans inahitaji dawa chungu nyingine, ile ya Peychaud, na glasi iliyosuuzwa kwa absenti. Ni tamu sana ikitengenezwa vizuri, lakini kwa nyumbani gharama zinapanda, na mimi huwashauri watu waiache mpaka wamezoea zile mbili.

Pittsburgh ina haki ya kuzungumza kuhusu rai kuliko miji mingi. Mto Monongahela unapita hapo kukutana na Allegheny, na kwa muda mrefu jina Monongahela lilikuwa sifa ya rai bora ya Marekani. Wakulima wa magharibi mwa milima hawakuwa na njia rahisi ya kupeleka nafaka masoko ya mashariki. Farasi hakuweza kubeba magunia ya kutosha kulipa safari. Wiski, ikiwa nyepesi kubeba na yenye thamani, ilipita. Kwa hiyo serikali changa ilipotoza ushuru wa pombe kali mwaka 1791, iliwagusa palipouma. Julai 1794 waliichoma nyumba ya John Neville, msimamizi wa ushuru, kwenye kilima cha Bower Hill, na Rais George Washington akakusanya wanamgambo karibu 13,000 kwenda kuuzima uasi. Waliohukumiwa kifo walikuwa wawili, mmoja Philip Wigle, na Washington aliwasamehe. Leo kipo kiwanda cha rai Pittsburgh chenye jina la Wigle.

Miaka 3 baada ya uasi, Washington mwenyewe alianza kupika rai kwenye mashamba yake ya Mount Vernon, Virginia, kwa ushauri wa msimamizi wake Mskoti, James Anderson. Mwaka 1799, mwaka aliofariki, kiwanda hicho kilitoa karibu galoni 11,000, yaani zaidi ya lita 41,000, kikiwa miongoni mwa vikubwa kabisa Marekani. Kiliungua mwaka 1814, kikajengwa upya palepale na kufunguliwa kwa wageni mwaka 2007. Mzee alikuwa amenisisitiza niende, nami nilikwenda. Kuna mitambo mitano ya shaba, moto wa kuni chini yake, na hewa nzito ya uchachu wa nafaka. Kumbukumbu za hesabu za shamba zinaonyesha mchanganyiko wao: asilimia 60 rai, 35 mahindi, 5 kimea cha shayiri. Wiski yao haikuzeeshwa, iliuzwa nyeupe.

Kilichonishika ni majina. Waliopika hapo walikuwa watumwa sita: Hanson, Peter, Nat, Daniel, James na Timothy. Wao ndio waliokoroga mapipa ya uji moto wa rai, nafaka inayonata na kutoa povu kuliko mahindi, na kulisha moto usiku. Nimekua nikimwona bibi akiamka alfajiri kuangalia chungu, najua mgongo unavyouma. Bibi aliuza mbege yake akanunua daftari zetu. Hawa sita hawakuuza chochote. Tangu siku hiyo sijaweza kusikia wiski ya Washington ikitajwa bila kuyataja majina hayo, na nilipokuwa nawafundisha wafanyakazi wapya kwenye kaunta niliwafanya wayajue. Mtu akisema kinywaji kina historia, aseme na waliokipika.

Kilichofuata kwa rai nakipita haraka. Marufuku ya pombe ya 1920 hadi 1933 iliviumiza sana viwanda vya Pennsylvania na Maryland, na vilivyofufuka vilikufa kimoja kimoja ladha za watu zilipohamia kwenye vilevi vyepesi. Rai ikabaki ikipikwa Kentucky na viwanda vya burboni, siku chache kwa mwaka, kwa ajili ya wazee waliokataa kuiacha. Wahudumu wa baa waliofufua kokteli za zamani miaka ya 2000 ndio walioirudisha. Hasara ya msimu ule mrefu wa kusahauliwa iliacha faida moja kwetu: majina mazuri ya zamani yalibaki kwenye bei ya chini, na baadhi yake yapo huko hadi leo.

Rittenhouse nimeshaitaja; ina jina la uwanja wa Philadelphia ingawa inapikwa Kentucky, na rai yake haizidi sana asilimia 51, ndiyo maana ina utamu wa mahindi unaompokea vizuri anayeanza. Kwangu ni ya kwanza. Old Overholt ilianzia West Overton, kusini-mashariki ya Pittsburgh, mwaka 1810, kwa mkulima Abraham Overholt. Leo inapikwa Kentucky chini ya Jim Beam. Iko ya kawaida, ambayo mwaka 2020 iliongezwa nguvu kutoka asilimia 40 hadi 43, na iko ya Bottled in Bond. Chukua hiyo ya pili. Ni kavu kidogo kuliko Rittenhouse, na kwenye Old Fashioned inapendeza sana. Wild Turkey 101 Rye haina alama ya Bottled in Bond lakini ina asilimia 50.5, na kwa anayependa kunywa kavu ina unono wa vanila ambao hizo mbili hazina. Sazerac Rye ya kiwanda cha Buffalo Trace ina asilimia 45, laini, nzuri kavu. Kwenye Manhattan naiona haifiki. Pikesville, ya asilimia 55 na miaka 6, ni bora kuliko zote nilizozitaja, ila inavuka bajeti yetu, hivyo ibaki ya sikukuu.

Kuna pia rai za Indiana. Mjini Lawrenceburg kipo kiwanda kikubwa kinachopika rai ya asilimia 95, na kampuni nyingi huinunua na kuiuza kwa majina yao wenyewe. Bulleit Rye ni mojawapo. Ladha yake ni ya kijani, mnanaa na majani ya msonobari, kali na safi. Si kila mtu anaipenda kavu. Kwenye kokteli ya limau inang'aa. Hakuna ubaya kununua rai iliyopikwa Indiana na kuuzwa na kampuni ya jimbo lingine, alimradi ujue hivyo, na sheria inataka lebo iseme imepikiwa jimbo gani. Tatizo ni pale unapolipishwa dola 60 kwa hadithi ya kijiji, na ndani ya chupa mna kitu kile kile unachokipata kwa nusu ya bei.

Shemeji yangu anayeishi Maryland aliwahi kunipigia simu akiwa dukani. "Shem, nimekuta Mkanada hapa ameandikwa rai, bei nzuri, nimchukue?"

"Mgeuze, Shem. Nisomee mgongoni."

Akasoma. Hakukuwa na asilimia ya rai popote. Nikamweleza kwamba Kanada kwa desturi na kwa sheria wiski ya nchi hiyo inaweza kuitwa ya rai bila kiwango chochote cha lazima cha nafaka hiyo, na nyingi sehemu kubwa ni mahindi. Haina maana ni mbaya. Alberta Premium ni ya Kanada na ni rai tupu, asilimia 100, na bei yake kule kwao ni ya chini. Crown Royal Northern Harvest Rye ina asilimia 90. Lakini hizo zinajisema zenyewe. Isiyojisema iache. Shemeji aliirudisha rafuni akachukua Old Overholt ya Bottled in Bond, na sikukuu iliyofuata tulipokwenda kwao alitutengenezea Old Fashioned kwa mikono yake, amekamua chungwa vizuri kabisa.

Kwa kuinywa kavu, tumia glasi ndogo inayojibana juu ili harufu isitawanyike. Mimina mililita 30, usizidishe. Inuse mdomo ukiwa wazi kidogo, la sivyo kilevi kitakuchoma pua na hutasikia kingine. Onja kidogo kwanza bila kitu. Kisha ongeza kijiko kimoja cha chai cha maji, subiri dakika, uonje tena. Hapo imeshuka hadi karibu asilimia 43, na mara nyingi ndipo matunda na viungo vinapofunguka. Barafu weka ukipenda, siku ya joto hata mimi naiweka. Wanaokwambia barafu ni dhambi wanalinda kitu ambacho hakihitaji kulindwa.

Nimeandika haya kwa anayekunywa. Asiyekunywa, kwa dini yake au kwa uamuzi wake, hajakosa kitu, na kwenye kaunta yetu Mzee alimtengenezea mteja wa soda kwa uangalifu ule ule aliomtengenezea wa Manhattan. Kwa anayekunywa, neno langu ni hili. Glasi moja ya mililita 60 za asilimia 50 si kinywaji kimoja kwa kipimo cha wataalamu wa afya wa Marekani, inakaribia viwili. Chupa moja ina glasi 12 za namna hiyo, na ikinunuliwa dola 28 kila glasi imekugharimu dola 2 na senti 33. Usiimalize kwa wiki. Nunua na vamuthi ya chupa ndogo, iweke kwenye friji baada ya kuifungua kwa sababu ni divai na inaharibika, uimalize ndani ya mwezi mmoja au miwili. Ukikosa kabisa rai yenye alama niliyoisema, chukua burboni ya Bottled in Bond, kwa mfano Evan Williams ya lebo nyeupe, ambayo bei yake huwa chini zaidi. Itakuwa tamu kuliko rai, kwa hiyo punguza vamuthi. Na ukishakunywa, funguo za gari mpe mwingine.